Mwongozo kamili: Kulea kipepeo wa mlimau kutoka yai hadi kuruka

Kila mvua zikishakolea napokea picha zilezile. Kopo la plastiki, majani ya mlimau yaliyonyauka, na chini yake kiwavi mweusi aliyelegea. "Mwalimu, wamekufa tena." Mmoja ananiandikia kutoka Sakina, Arusha, mwingine yuko Pasua hapa Moshi, mwingine ni mwanafunzi wa klabu ya sayansi kule Marangu. Wengi wamejaribu mara mbili tatu. Kosa karibu kila mara ni moja kati ya haya manne: dawa, unyevu, kumgusa kiwavi wakati hapaswi kuguswa, au kumnyima kipepeo nafasi ya kutandaza mabawa.

Shika jambo moja kabla hujaanza: kilichomuua kiwavi uliyemkuta amekufa asubuhi hii kwa kawaida kilitokea jana au juzi. Bila daftari hutakijua, na utakirudia.

Tunamzungumzia kipepeo wa mlimau, Papilio demodocus. Ni yule mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano iliyopauka, asiye na mikia kwenye mabawa ya nyuma. Mabawa yakitandazwa hufika sentimita 10 hadi 13. Nimemchagua kwa sababu anapatikana karibu kila penye mlimau, mndimu au mchungwa, kuanzia nyumba za mjini hadi vihambani (mashamba ya nyumbani kule mlimani), na kiwavi wake hana sumu wala hawashi.

VIFAA

Vyote hivi unaweza kuvipata kwa siku moja:

- Kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, la kuwekea mayai.
- Ndoo ya lita 20, au boksi gumu la ukubwa huo, la viwavi wakubwa na vipepeo.
- Wavu wa nailoni wa madirishani, mita moja, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Pazia la neti la mtumba linafaa pia, likifuliwa kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa sana.
- Chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, kama ya dawa ya kikohozi, na pamba.
- Brashi ya kuchorea, ndogo kuliko zote utakazoona dukani.
- Karatasi za chooni na magazeti ya zamani.
- Vijiti vikavu vyenye ganda la kukwaruza, urefu wa sentimita 25 hivi.
- Rula, lenzi ya mkono ukiipata, kipimajoto, na simu yenye kamera.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huchuruzika ukiloa, penseli hubaki.

Chandarua hakimo, na sikukisahau

Hapa ndipo wengi mnapopoteza viwavi, nami nilipoteza wangu wote wa kwanza hapahapa. Nilikuwa na viwavi kumi na wanne, wanene, waliobakiza siku chache tu. Nikafunika ndoo kwa kipande cha chandarua kilichochanika. Asubuhi walikuwa sakafuni mwa ndoo, wengine wakijinyonganyonga, wengine wamekwisha.

Vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya muda mrefu, ambayo kwa kawaida ni ya jamii ya pareto iliyotengenezwa kiwandani. Imewekwa pale kuua mdudu kwa kugusa tu, na inabaki kwenye nyuzi hata baada ya kufua mara nyingi. Kiwavi akipanda juu ya wavu huo, mishipa yake ya fahamu inavurugika: anatetemeka, anatapika majimaji ya kijani, anaanguka. Kukifua chandarua kwa sabuni ya unga hakukifanyi kiwe salama.

Hali ni hiyohiyo kwa dawa ya mbu ya kuchoma, ya kupuliza chumbani, na mafuta ya kufukuza mbu uliyojipaka mikononi. Chumba cha viwavi kisitumike na mtu anayewasha dawa ya mbu usiku. Kama hakuna chumba kingine, weka ndoo barazani, mbali na mvua na jua.

HATUA YA 1: Chagua mti kabla ya kutafuta yai

Mti uliopuliziwa dawa utakuulia viwavi hata kama kazi yako nyingine yote ni safi. Dawa nyingine hufyonzwa na mmea na kukaa ndani ya jani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuosha majani hakusaidii.

Bisha hodi, uliza. "Shikamoo mama, naomba kujua, huu mlimau wenu umewahi kupuliziwa dawa mwaka huu?" Watu hujibu vizuri ukiwaambia sababu. Akisema ndiyo, shukuru, nenda kwingine. Uliza pia kuhusu majirani: kihambani, mlimau uliosimama katikati ya mibuni inayopuliziwa dawa hupata matone yanayopeperushwa na upepo.

Dalili nzuri ya mti salama ni majani yaliyoliwa kingo na viwavi wadogo wenye afya juu yake. Wakiwapo hai, nawe utawalea kwa majani hayohayo. Hakikisha mti huo unaweza kukupa majani mabichi kila siku kwa mwezi mzima. Usianze na mlimau ulio safari ya daladala mbili kutoka kwako.

Wakati mzuri ni wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza, ziwe za vuli au masika, mti unapotoa machipukizi. Jike hupendelea majani machanga kwa sababu kinywa cha kiwavi aliyeanguliwa leo hakiwezi kutafuna jani gumu.

HATUA YA 2: Kusanya mayai, machache

Yai ni mviringo kamili, rangi ya njano hafifu, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Hutagwa moja moja. Angalia ncha na kingo za majani machanga, juu na chini ya jani.

Kata jani zima pamoja na kikonyo chake. Usilibandue yai, limegundishwa na ganda lake hupasuka.

Chukua mayai sita hadi kumi, si zaidi. Najua ukikuta thelathini mkono unawasha. Lakini kiwavi mmoja mkubwa anaweza kumaliza majani kadhaa kwa siku, na msongamano huleta uchafu, uchafu huleta ugonjwa.

Ukikuta yai jeusi kabisa linalobaki hivyo siku kadhaa, mara nyingi nyigu mdogo sana ameshataga ndani yake. Usilitupe. Liweke peke yake kwenye kikopo kilichofungwa vizuri uone nini kitatoka, kisha andika. Nyigu huyo ni matokeo ya kisayansi sawa na kipepeo.

HATUA YA 3: Fungua daftari siku hiyohiyo

Kila yai lipewe namba yake, na namba hiyo ifuatane naye mpaka mwisho. Andika tarehe, mahali kwa maelezo ambayo mgeni angeweza kuyafuata, vipimo vya mahali kutoka kwenye ramani ya simu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya mti, na jina la aliyelipata. Mwinuko una maana hapa kwetu: mji wa Moshi uko chini sana kuliko Arusha mjini, na vijiji vya Uru au Kibosho viko juu zaidi ya Moshi, kwa hiyo joto hutofautiana na siku za kukua hutofautiana pia.

Kisha kila siku: joto saa 1 asubuhi na saa 8 mchana, nani amekula, nani hajala, nani amejivua gamba, majani yametoka mti gani. Hayo ya mwisho ndiyo yatakayokuokoa. Wakifa watatu Alhamisi, utarudi Jumanne na kuona ndiyo siku uliyobadilisha mti.

Sehemu ya jina la spishi iache wazi kwanza. Kuna jamaa zake, kama Papilio dardanus na Papilio nireus, ambao viwavi wao nao hula mimea ya ukoo wa mlimau. Jina litaandikwa kipepeo akishatoka. Hii ndiyo faida kubwa ya kulea kuliko kukimbiza kwa wavu: unajua kwa hakika kiwavi yupi ni wa kipepeo yupi, na anakula nini.

HATUA YA 4: Siku za yai

Weka jani kwenye kopo dogo, juu ya karatasi ya chooni iliyokunjwa. Kopo likifungwa huhifadhi unyevu wa jani lenyewe, huhitaji kuongeza maji. Lifungue mara moja kwa siku hewa ibadilike. Ukiona ukungu wa maji kwenye kuta za kopo, futa, badili karatasi.

Kwenye joto, yai huanguliwa baada ya siku nne hadi sita. Kwenye baridi ya Juni na Julai huchukua zaidi. Siku ya mwisho yai hubadilika rangi na kuwa na kivuli cheusi ndani: hicho ni kichwa.

Mtoto akitoka, hula ganda la yai lake. Mwache amalize.

HATUA YA 5: Viwavi wadogo, wale wanaofanana na mavi ya ndege

Wengi mmenitumia picha mkisema kiwavi kaoza. Hajaoza. Mdogo huwa kahawia au mweusi, anang'aa, ana baka jeupe mgongoni, na ndege akimwona humdhania ni kinyesi. Ndiyo kinga yake.

Mhamishe kwa brashi tu, tena ikiwezekana usimhamishe kabisa: weka jani jipya juu ya la zamani, atavuka mwenyewe. Majani yawe machanga na makavu. Ukiyaosha, yafute na kuyaacha yapepee. Maji juu ya jani humfanya kiwavi aharishe, na hapo vijidudu hupata nafasi.

Sasa onyo ambalo limewaponyoka wengi. Siku moja utamkuta kiwavi ametulia, hali, kichwa kinaonekana kidogo kuliko mwili. Utadhani anaumwa. Anajiandaa kujivua gamba. Amejifunga jani kwa uzi wa hariri kwa miguu yake ya nyuma ili gamba libaki palepale yeye atoke mbele. Ukimng'oa, hawezi tena kulivua, na atakufa akiwa amebanwa na ngozi yake mwenyewe. Acha siku nzima, hata mbili. Kama jani lake linanyauka, kata kipande alichosimamia, ukiweke juu ya jani bichi.

Atajivua mara nne akiwa kiwavi, kisha mara ya tano anapokuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Gamba lenyewe mara nyingi hulila, lakini kikofia kigumu cha kichwa hudondoka. Kitafute kwenye karatasi, kiweke kwenye bahasha ndogo yenye namba na tarehe. Mwaka 1890 Mmarekani Harrison Dyar alionyesha kwamba upana wa kichwa cha kiwavi huongezeka kwa uwiano unaokaribiana kila anapojivua gamba. Pima vikofia vyako kwa lenzi na rula, au vipige picha pamoja na rula kisha upime kwenye picha. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, cha tatu kwa cha pili. Ukipata namba moja kubwa ghafla, huenda kuna kikofia hukukiona. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hesabu hii, na ni sayansi halisi.

HATUA YA 6: Viwavi wakubwa

Akijivua mara ya nne anageuka kijani, mnene, mwenye mistari ya kahawia ubavuni. Ukimgusa atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hazichomi. Anatisha sisimizi na ndege tu. Usimchokoze kwa ajili ya kurekodi video kila siku, nguvu hiyo anaihitaji.

Wahamishie kwenye ndoo. Weka tawi la mlimau ndani ya chupa ndogo yenye maji, na mdomo wa chupa uzibe kwa pamba pande zote. Usipoziba, kiwavi atashuka kando ya tawi na kuzama. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Tandika gazeti chini, ulibadili kila asubuhi. Kinyesi chenye afya ni vipande vikavu vilivyoshikamana. Kikiwa cha majimaji na bado hajafika siku za kujifunga, majani yana maji au ndoo haipitishi hewa.

Aliyelegea, mweusi, anayenuka, mtoe mara moja kabla hujawagusa wengine. Osha ndoo kwa sabuni, kisha maji yenye jiki kidogo, suuza mpaka harufu ya jiki iishe, anika juani ikauke kabisa ndipo uwarudishe.

Sisimizi wanamaliza ndoo nzima kwa usiku mmoja. Weka miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni. Usitumie mafuta ya taa, mvuke wake ni mbaya kwa viwavi. Na ndoo isikae juani wala chini kabisa ya bati. Januari na Februari hapa Moshi, joto la chini ya bati linaweza kuwaua.

HATUA YA 7: Kujifunga na kuwa pupa

Ghafla kiwavi anaacha kula, anatoa kinyesi kimoja kikubwa cha majimaji, na anaanza kutembea ovyo. Safari hii kuharisha ni kwa kawaida, anasafisha tumbo. Simamisha vijiti vyako vikavu kwa mshazari ndani ya ndoo.

Atachagua mahali, atashika mkia kwa hariri, kichwa kikiwa juu, kisha atajifunga mshipi wa uzi mmoja kiunoni kama mkwezi wa mnazi. Kuanzia hapo usimguse kwa siku mbili. Mshipi ukikatika kabla hajajivua, pupa huanguka akiwa laini kama siagi.

Akianguka hata hivyo, mwache alale juu ya karatasi laini mpaka agande, siku moja au mbili. Kisha mlaze juu ya karatasi ya chooni iliyoegemezwa kwenye ukuta wa ndoo, kichwa juu, ili kipepeo akitoka apate pa kukwea.

Pupa anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia, kulingana na mahali alipojifungia. Andika rangi yake na rangi ya kijiti. Ukikusanya ishirini wa namna hiyo utaona mpangilio.

HATUA YA 8: Kusubiri

Kwa kawaida ni wiki mbili hadi tatu. Msimu wa kiangazi au wa baridi, pupa anaweza kulala miezi. Hapa watu wengi huwatupa wakiwa hai. Kabla hujatupa, mwinue kwa upole: aliye hai ana uzito na mara nyingi huchezesha tumbo. Aliyekufa ni mwepesi kama ganda la karanga. Mwenye vitundu vidogo vya mviringo ameliwa na nyigu kutoka ndani. Piga picha, andika.

Kukiwa na vumbi na hewa kavu, nyunyizia kuta za ndoo maji kidogo kila siku mbili, usimnyunyizie pupa mwenyewe.

HATUA YA 9: Kutoka

Siku moja kabla, pupa hugeuka mweusi na madoa ya njano ya mabawa huonekana kupitia ganda. Kwa kawaida hutoka asubuhi.

Anapotoka mabawa ni madogo, yamekunjamana, yamelowa. Lazima apande, aning'inie, na asukume majimaji ya mwili kuingia kwenye mishipa ya mabawa. Anahitaji angalau sentimita 15 za nafasi chini yake na ukuta unaoshikika. Plastiki laini ya ndoo humtelezesha, ndiyo maana wavu ushuke mpaka ndani ya ndoo kama kitambaa cha ndani ya kapu. Akianguka katika dakika za kwanza, mwinue kwa kijiti na umpandishe tena upesi. Baada ya saa moja mabawa yaliyokunjamana hayanyooki tena, na hakuna dawa yake.

Atadondosha majimaji yenye rangi. Si damu, ni taka za kipindi cha pupa. Mwache kwa muda wa saa tatu mabawa yakauke, asiguswe kabisa. Unga unaobaki vidoleni ni magamba ya bawa.

Akianza kufungua na kufunga mabawa taratibu, piga picha ya upande wa juu na wa chini, pamoja na ganda la pupa na namba yake. Sasa jaza jina la spishi. Picha hizo unaweza kuziweka iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, ambako wengine watathibitisha jina na kumbukumbu yako itaonekana na watafiti. Andika kwamba ni wa kulelewa, tarehe ya yai na mahali lilipotoka.

UKIKUTA KIWAVI MWENYE PEMBE MKIANI

Huyo kwenye majani ya viazi vitamu, mnene, mwenye pembe moja nyuma, ni wa nondo, Agrius convolvuli. Usimwekee vijiti. Yeye hujizika, kwa hiyo mpe udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 10 au zaidi. Walionilalamikia kwamba "anazungukazunguka mpaka anakufa" walikuwa wamemnyima udongo. Viwavi wenye manyoya marefu waache kabisa mpaka umejifunza kuwatambua, wengine huwasha vibaya.

HATUA YA 10: Kumwachia

Mrudishe eneo lilelile yai lilipotoka. Usimpeleke Arusha aliyetoka Moshi kwa sababu tu una safari. Kumbukumbu za wengine zitavurugika, na magonjwa husafiri naye. Usimwachie karibu na kitalu cha miche ya michungwa: viwavi wachache wanaweza kumaliza majani yote ya mche mdogo, na mwenye kitalu ana haki ya kukasirika.

Na ndani ya hifadhi, iwe ya Kilimanjaro au ya Arusha, usichukue hata yai moja bila kibali. Mlimau wa jirani unatosha.

Subiri jua lipande, kama saa 4 asubuhi, pasiwe na mvua wala upepo mkali. Weka kidole mbele ya miguu yake, atakipanda. Mwinue juu ya ua lolote lililo wazi, ukae kimya. Akiruka, tazama saa, andika dakika aliyoondoka na upande alioelekea, kisha rudi ndani uoshe ndoo kwa ajili ya mayai yanayofuata.